Aliyekalia Mlango wa 1935

Amalemba, Kakamega
Jumatano, baada ya mvua

Kwa kaka yangu Phineas,

Pokea salamu zangu kwanza kutoka mdomoni mwa Raisa, maana nimemwagiza akusalimie kabla ya kukupa bahasha. Hujambo huko Doha? Mgongo unaendeleaje? Na joto je? Sisi huku ni wazima wa kula na kutembea. Kwa mengine utatuhukumu mwenyewe ukimaliza kusoma. Kabras yote ni matope, miwa ya ndugu yetu Khaemba imesimama vizuri, na kaburi la Mama limeanza kuota nyasi upande wa chini bila mtu kuzipanda.

Utashangaa kwamba mtu anayeishi kwa mitandao anakuandikia kwa biro. Kwanza, ulitoka kwenye kikundi cha ukoo siku ya nne baada ya mazishi bila kuaga, na jumbe zangu kwako zinakaa wiki nzima na tiki zao za kijivu. Pili, Raisa wa Mumias amemaliza likizo na anarudi kazini huko huko kwenu, na nimeona kwamba barua iliyoletwa na mtu anayesimama mlangoni akisubiri jibu husomwa. Tatu, haya ninayotaka kusema hayaandikiki kwa kidole gumba. Nimeianza barua hii mara tatu. Kila nikifika aya ya pili nasimama, napanga nyaya ambazo zimekwisha kupangwa, namwambia Mzee Osundwa afagie ofisi, naye ananikumbusha kwamba ameifagia. Leo nimefunga ofisi kwa ndani na kuukalia ufunguo.

Khaemba anasema umetukasirikia. Mkewe Cherono anasema hapana, umechoka tu. Lakini Raisa, na tafadhali usimgombeze, ameniambia ulichomwambia kule: eti mtu ambaye hakumzika mama yake hata kwa picha hana sababu ya kupanda ndege kurudi nyumbani. Tangu nisikie hayo sikaliki. Nyumbani kwetu umepafunga kwa sababu ya picha ambayo haikufika, na mwenye kuipeleka picha nilikuwa mimi.

Kazi yangu unaijua juu juu. Jumamosi huku ni siku ya mazishi, na kila boma lina mtu wake aliye mbali: Doha, Boston, na hata Eldoret kwa wale wavivu. Mimi na Mzee Osundwa tunapeleka kamera mbili, laptopu na modemu, na walio mbali wanazika kwa simu. Sikufundishwa na chuo chochote. Nilikuwa nasoma maneno mekundu kwenye skrini, lile lililoniudhi nalitafutia maana, mpaka siku moja nikagundua watu wananiita fundi. Mzee Osundwa yeye alistaafu kazi ya simu enzi zile za nguzo na nyaya. Ananizidi miaka ishirini na tisa. Mbele ya wateja ananiita bosi. Tukiwa wawili ananiita wewe mtoto.

Siku ya Mama sikutaka mtu mwingine aishike kazi hiyo. Baba mdogo alinung'unika kwamba haifai binti wa marehemu kukaa nyuma ya mashine kama karani wa kata. Nilimjibu kwamba nyuma ya mashine ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu atakayenishika mabega na kuniambia nijikaze. Saa tatu asubuhi tulijaribu mitambo, ukaona hema, ukaona jeneza, ukaniandikia kwamba unaliona shati alilovaa Khaemba na kwamba ni lako. Ni kweli lilikuwa lako.

Saa nne na nusu jenereta ilizima. Cherono alikuwa amechomeka birika la umeme ili askofu anywe chai ya moto. Usimwambie kwamba nimekuandikia hili. Mpaka leo anaamini ile jenereta ina wazimu wake tu. Betri ya laptopu yetu ilikufa mwaka jana, kwa hiyo umeme ukienda nayo inaenda. Uliporudi nikaiwasha, nikafungua programu yetu, ikanikatalia. Maneno yalikuwa machache: mlango 1935 tayari unatumika.

Hapa nivumilie kidogo, maana bila kulielewa hili hutaelewa nilichokifanya. Ndani ya kompyuta kuna maelfu ya milango yenye namba, wenyewe huiita poti. Programu inayotaka kupokea kitu kutoka nje hukaa kwenye mlango wake na kusikiliza. Kamera zetu hubisha mlango wa 1935. Na sheria ni moja, mlango mmoja msikilizaji mmoja. Wa pili akija hasukumani na mtu. Anaambiwa pamekaliwa, anarudi zake. Kompyuta ina adabu kuliko foleni ya chakula ya mazishi yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Kazi basi ni kumjua aliyekalia. Unafungua lile dirisha jeusi la maandishi. Amri ya kwanza inakuorodheshea milango yote na, pembeni ya kila mmoja, namba ya programu iliyoukalia. Namba hiyo si jina. Ni kama namba ya kitanda hospitalini. Unaichukua, unaiuliza mashine kwa amri ya pili huyu ni nani, nayo inakutajia jina. Amri ya tatu ni ya kumwondoa. Nilipiga ya kwanza nikapata 4312. Sikuwa na karatasi, nikaiandika kiganjani. Nikapiga ya pili.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Nikueleze jinsi yalivyokuwa upande wetu. Niliwatangazia watu kwamba mtandao umekataa. Mzee Osundwa, na suruali yake ya mazishi, aliupanda mparachichi ulio nyuma ya jikoni akiwa na modemu mfukoni, akaifunga juu kwa kamba ya mbuzi, akabaki huko akiuliza kila baada ya dakika tano kama imeshika. Suruali ilipasuka kwa sauti ambayo hata kwaya waliisikia. Khaemba, aliyekuwa akiendesha ratiba, alishika kipaza sauti na kuwaomba waombolezaji wote wazime simu zao ili mtandao upate nafasi ya kupita. Watu mia tatu waliinamia simu zao kwa heshima, na hakuna hata mmoja aliyezima. Wewe ulituma ujumbe mara kumi na moja. Ulisema unaona giza tu. Nilikujibu subiri, tunashughulikia. Mvua ikaja. Kisha, saa nane kasorobo, picha ikarudi, ukaona kwaya, ukaona miavuli, ukaona udongo wa mwisho. Ukaniandikia kwamba asante sana Immah, angalau nimeona udongo.

Asante hiyo ndiyo inayonisimamisha kila ninapokaa.

Phineas, mtandao haukuwa na shida yoyote. Dakika nne baada ya umeme kurudi nilikuwa nimeshamjua aliyekalia mlango. Alikuwa ni programu yetu wenyewe, nakala nyingine. Mzee Osundwa alikuwa amechoka kutukanwa na wafiwa kila jenereta inapozima, kwa hiyo asubuhi hiyo, tulipokwisha kuiwasha mashine hemani, bila kuniambia, aliiagiza iamshe programu yenyewe mara inapowaka, kimyakimya, bila dirisha kuonekana. Mpaka saa nne na nusu mashine haikuwa imezimwa tena, ndiyo maana kwenye majaribio hatukuona kasoro. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Ila hiyo iliyojiamsha haikujua anwani ya kukupelekea picha; ilijua tu kukaa mlangoni na kusikiliza. Kuiondoa ni mstari mmoja. Nilikuwa nimeshauandika mstari huo na kidole kiko juu ya kitufe.

Wakati huo Khaemba akapita na ratiba mkononi, akaniambia kwamba Shangazi Navalayo ameomba naye apewe nafasi ya kusema, na kwamba amesisitiza aseme ukiwa unaangalia.

Sasa rudi nami kwenye Ijumaa, mchana, jikoni. Mimi nilikuwa nachambua mchele, na Shangazi alikuwa ananyonyoa ingokho, kuku wa wageni, akijizoesha hotuba yake, kila unyoya na neno lake. Unajua yeye ndiye aliyemuuguza Mama miaka miwili, akimgeuza, akimlisha, na mdomo wake umeota makali kwa kukosa usingizi. Alisema atasimama mbele ya askofu na kuuliza ni mtoto wa aina gani anayemzika mama yake kwa simu. Alisema atahesabu miaka sita ya kutokuwepo kwako, mmoja mmoja, kwa sauti. Alisema ataliita jina lako mara tatu na kunyamaza, ili watu wote wasikie jinsi lisivyojibiwa. Nilimwambia Shangazi, kazini kwake Phineas hakupewa ruhusa, pasipoti yake iko kabatini kwa tajiri wake. Alinijibu kwamba kabati huvunjwa.

Nilikuwazia umekaa kitandani kwenye kile chumba chenu cha watu wanane, wenzako wamekuzunguka kukupa pole, jina lako likiitwa mara tatu. Nikakiondoa kidole juu ya kitufe. Sikupanga. Kosa lilikuwepo tayari, la kweli, limeandikwa kwenye skrini, na Mzee Osundwa alikuwa amelisoma mwenyewe bila kujua ni la kwake. Mimi nililiacha tu likae. Ni uongo rahisi kuliko wote, maana hauhitaji kusema neno, unakunja mikono. Ila na maneno pia niliyasema. Nilimwacha mzee wa miaka sitini apande mti kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea. Juzi nimemweleza. Aliniita bosi tukiwa wawili tu, na hilo limenikata kuliko tusi.

Zamu ya Shangazi ikafika. Kabla hajasimama, Khaemba alikuwa ameizima jenereta kidogo kuongeza mafuta, mashine ikazima na kuwaka tena, na ile nakala ikawahi mlango tena kabla yangu. Nakiri nilifurahi, niliona hata mashine imekuwa upande wangu. Mvua ilikuwa imeanza, watu wamejibana chini ya hema, simu zimerudi mifukoni. Shangazi alichukua kipaza sauti, akamuuliza Mzee Osundwa, aliyekuwa bado juu ya mti, ni wapi lilipo jicho analoangalilia Phineas. Mzee akamwonyesha kamera kwa kidole. Shangazi akatembea mpaka pale, akalipangusa lile jicho matone ya mvua kwa ncha ya leso yake, taratibu, kama anayempangusa mtoto kamasi. Akainama. Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza kama unamsikia.

Nikatikisa kichwa kukubali. Nikamwinulia na dole gumba.

Sijui ile hotuba ya jikoni ilienda wapi. Labda ni vigumu kumsema mtu vibaya ukiwa umempangusa uso. Alianza kwa kukuita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anakuita uje ule. Mimi kusikia sauti hiyo niliivuta mashine karibu. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika amri ya tatu na namba ya kiganjani, 4312, nikabonyeza. Mashine ikasema hakuna programu yenye namba hiyo. Nikaandika tena, tena kwa nguvu, kama mtu anayempigia kelele kiziwi. Hakuna. Nilikuwa nimesahau kitu ambacho huwa nawafundisha wengine: mashine ikizima na kuwaka, kila programu hupewa namba mpya. Ikabidi nianze upya, amri ya kwanza, nikikosea herufi, nikifuta, nikimsikia Shangazi kwa sikio moja. Mwenye mlango sasa alikuwa 2768. Nilipomwondoa na kufungua programu yetu, Shangazi alikuwa ameshamrudishia Khaemba kipaza sauti na kwaya wanasimama. Hiyo ndiyo picha uliyoipata.

Na haikuhifadhiwa popote. Kamera zetu hazina kadi. Mashine ndiyo inayohifadhi. Mwezi mzima nimezunguka nikiwauliza watu, kuanzia Malava mpaka Butere kwa wajomba, kama kuna aliyerekodi kwa simu. Wote walirekodi jeneza, chakula na diwani. Cherono ana sekunde kumi na moja za mgongo wa mtu mwenye mwavuli. Kwa hiyo maneno yenyewe nakuandikia mimi, na nimemfuata Shangazi mara mbili kwa visingizio ili ayarudie, nisije nikaongeza langu.

Alisema hivi. Alhamisi ile uliyopiga simu, sisi wote tulimwekea Mama simu sikioni tukatoka nje kukupa nafasi, na wewe ukazungumza dakika ishirini. Baadaye uliniuliza kama alisikia, nami nikakujibu kama alivyosema daktari, kwamba hasikii tena. Ukaniambia basi nimeongea na ukuta. Lakini Shangazi ndiye aliyeingia kuichukua simu baada ya kukata. Alipoitoa, Mama alifumbua macho, akamwambia kwamba Phineas amekuja. Shangazi akamjibu Phineas yuko mbali. Mama akasema hapana, amekuja, nimemsikia. Kisha akasema mwambie ahame kwa yule mtu wa pilipili, atammalizia tumbo. Akafumba macho, na hakusema neno lingine mpaka alipotuacha.

Shangazi alisema hakumwambia mtu kwa sababu alidhani Mama anaweweseka, na kwa sababu alikuwa amekukasirikia na hakuona kwa nini wewe wa mbali upewe neno la mwisho na yeye aliyekuwepo asipewe. Hilo nalo alilisema mbele ya watu, kwenye kipaza sauti. Alipofika kwenye pilipili watu walicheka, unajua mazishi yalivyo, kicheko kinatafuta pa kutokea. Alimaliza kwa kusema kwamba asisikie mtu kwenye ukoo huu akisema Phineas hakuja, maana mwenye nyumba alimpokea mwenyewe.

Mimi simjui mtu wa pilipili. Khaemba hamjui. Shangazi anadhani labda ni jini. Ile simu ilikuwa sikioni mwa Mama peke yake, na sisi tulikuwa nje tukihesabu viti. Kama kuna mtu wa aina hiyo huko kwenu, na kama ulimtaja Alhamisi ile, basi unajua sasa kwamba hukuongea na ukuta. Niliogopa usisikie maneno ya kukuumiza, nikakunyima hayo. Sikuombi uniambie si kitu. Ni kitu. Nikasirikie mimi, kwa jina, kwa muda utakaoona unatosha, lakini usiwafungie mlango wale wa nyumbani ambao hawakufanya kosa.

Na kuna jambo moja limebaki ambalo siwezi kulitengeneza kwa amri yoyote. Shangazi anaamini ulimsikia. Kila Jumapili nikienda Kabras ananiandalia kiti na kuniuliza umejibu nini, na kama umehama. Nimekuwa nikimwambia unaomboleza kimya, utajibu. Anatikisa kichwa, ananimiminia chai, anaangalia barabarani. Miguu yake imevimba tangu mvua hizi zianze. Namba yake ya simu Raisa anayo. Mpigie mwenyewe kabla ya Jumapili, umwambie unakaa na nani.

Khaemba anakusalimu na anasema shati lako atakuwekea. Cherono anakusalimu, na watoto wake, na mdogo kabisa anauliza kama Doha kuna matope. Mzee Osundwa amesema nikufikishie salamu zake pekee, zisichanganywe na zangu. Jitunze, ule vizuri, na Mungu akupe ruhusa pale wanadamu walipokunyima.

Ni mimi dada yako uliyemwamini,
Immaculate